Nyangumi wa Boma la Pomboo

Nilijifunza nyangumi katika chumba cha mjini Suna ambacho dirisha lake linatazama ukuta wa jirani. Ukuta huo una doa la maji ya mvua, na siku zile doa lenyewe lilianza kufanana na mkia. Bahari sijawahi kuiona. Maji makubwa niliyoyajua ni ziwa, pale Homa Bay, na hata hayo nilikuwa nikiyatazama nikiwa nimesimama nyuma ya wenzangu. Utotoni niliambiwa kwamba kiboko hutoka majini bila kubisha hodi, na mimi nikiambiwa jambo huwa silisahau. Hubaki nalo, nikaligeuza na kuligeuza mpaka linachubuka.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kampuni moja ya mbali ina picha nyingi zilizopigwa baharini, nyingine kutoka melini, nyingine kutoka angani, na inataka kuifundisha kompyuta kumtambua nyangumi. Kompyuta haijui kitu mpaka mtu aiambie. Mtu huyo anaweza kukaa popote penye intaneti. Analetewa picha, anachora mstari kumzunguka mnyama, kisha anachagua jina la mnyama huyo kati ya majina aliyopewa. Ni hivyo tu. Rafiki yangu tuliyekuwa tukikaa naye chumba kimoja alikuwa akiifanya kazi ya aina hiyo kwa picha za magari na taa za barabarani, katika miji ambayo hata majina yake hakuambiwa. Alisomea uchumi. Mimi nilisomea wanyama.

"Buda, Mungu amekukumbuka," aliniambia asubuhi moja, mswaki ukiwa bado mdomoni. "Kumetoka mradi wa nyangumi. Si wewe ulisoma wanyama miaka yote ile? Sasa wamekuja kukutafuta."

Kuingia katika mradi kulihitaji mtihani, na mtihani uliruhusiwa mara mbili tu. Ukianguka mara ya pili, mlango ule unafungwa na haufunguliwi tena kwa jina lako. Mimi nilikuwa nimeshaanguka mara ya kwanza.

Ili ieleweke kwa nini jambo dogo kama hilo lilininyima usingizi, lazima niseme nilikuwa nikikaa wapi. Suna nilikuwa nimesitiriwa na rafiki, godoro langu likiwa sakafuni kati ya jiko na mlango. Nyumbani kwangu, kama neno hilo linafaa, ni Kosele, kwa bibi mzaa mama, ninayemwita dani. Alinilea tangu nilipoachishwa kunyonya. Mama yangu alinizaa akiwa bado kwao, kisha akaolewa upande wa Homa Bay, na mtoto aliyezaliwa kabla ya ndoa hakuwa na nafasi katika boma lile isipokuwa kama mgeni. Baba yangu ni Mkuria, mfanyabiashara wa huko karibu na mpaka wa Tanzania. Sijawahi kumwona. Najua kwamba alikuwa mrefu na kwamba alipenda kucheka, na vyote viwili sikurithi.

Kwa Wajaluo mtoto wa dada huitwa okewo; mjomba akimwita husema okewa, naye humjibu nera, mjomba wangu. Okewo ana raha zake. Hutaniwa, hupewa nyama kabla ya wengine, na hata akikosea huonewa huruma kwa kuwa ni mgeni wa damu. Kitu kimoja tu hapewi. Hajengi. Anaweza kulala kwa wajomba zake mpaka ndevu zimwote, lakini hachimbi shimo la nguzo na kusema hapa ndipo kwangu. Mimi nilikuwa na chumba kimoja cha mabati nyuma ya jikoni kwa bibi, alichonijengea mjomba nilipoingia sekondari, na kila mtu alielewa kwamba kile ni chumba cha kusomea, si nyumba.

Mwaka huu mwana wa kwanza wa mjomba alifika umri wa kujenga kibanda chake cha ujana ndani ya boma la baba yake. Kibanda hicho kina mahali pake. Mahali pake ndipo kilipo chumba changu.

Mjomba si mtu mbaya. Ningependa awe mbaya, ingenirahisishia mambo. Alinijia nikiwa napukuchua mahindi chini ya ghala, akachukua gunzi moja akaanza kupukuchua na yeye, ingawa hilo lilikuwa limeshaisha punje.

"Okewa, kazi ya kompyuta imefika wapi?"

"Nangoja mtihani wa pili, nera."

"Mtihani tena? Si ulimaliza kusoma?"

"Huu ni wa kazi."

"Wanakuuliza nini?"

"Nyangumi."

Aligeuza gunzi mkononi. Kisha akacheka, lakini kwa upole, kama mtu anayechekea msibani. "Sisi huku tunatafuta wafanyakazi wa kutofautisha ng'ombe wa watu wa Magunga na wa kwetu. Wewe umeruka mpaka nyangumi." Akalitupa gunzi. "Mama akiwa hai, hakuna mtu atakugusa. Jua hivyo. Lakini kijana lazima ajenge, na unajua vile watu huwa. Si mimi nilitunga hii mambo."

Nilisema najua. Baadaye niliyafikiria yale maneno "vile watu huwa" mpaka nikashindwa kula. Watu gani? Wangesema nini? Je, walikuwa wameshasema? Na "mama akiwa hai" ilikuwa na maana gani, ikiwa bibi amelala pale ndani na kiharusi kimemvuta mdomo upande wa kushoto?

Kwa hiyo hesabu yangu ilikuwa fupi. Nikipata kazi, nitapanga chumba Suna kwa jina langu, na hakuna mwenye nyumba atakayeniuliza baba yangu ni nani mradi nalipa. Nikikosa, nitaondoka Kosele bila pa kwenda, ama nitaenda kusimama kwenye lango la Mkuria mmoja na kumwambia mimi ni mtoto wako. Kila nilipolifikiria lango hilo nilianza hesabu upya.

Sasa nieleze nilivyoanguka.

Mwongozo wa mradi uliwagawa nyangumi katika makundi mawili makubwa, na hapo sikuwa na shida. Kuna wenye meno na kuna wasio na meno. Wasio na meno wana chujio linaloning'inia kutoka utaya wa juu, limepangika kama nyuzi za fagio. Hujaza maji kinywani, huyasukuma nje kwa ulimi, na vidudu na visamaki hubaki ndani. Hawa ndio wakubwa. Yumo nyangumi buluu, ambaye hakuna mnyama aliyewahi kumzidi ukubwa. Yumo nyangumi wa nundu mwenye mapezi marefu kama makasia, ambaye dume lake huimba. Yumo yule asiye na pezi mgongoni, ambaye pumzi yake ikipanda juu hugawanyika mara mbili. Wote hao wana matundu mawili ya pua utosini. Wenye meno wana tundu moja tu. Kwao yumo mwenye kichwa kama kreti ya soda, ambaye pumzi yake hutoka imeinama mbele na kushoto. Wamo wale wenye midomo mirefu kama ya ndege, ambao huzama kina kirefu hata wanaowasoma huwaona kwa nadra. Na wamo pomboo, ambao katika majina ya kuchagua walikuwa na lao peke yao.

Haya yote niliyajua. Mengine niliyajua kuliko mwongozo wenyewe, na hapo ndipo balaa ilipoanzia.

Kuna mnyama mweusi mwenye kiraka cheupe nyuma ya jicho na pezi la mgongoni lililosimama wima kama jembe lililochomekwa ardhini. Watu humwita nyangumi muuaji. Mwongozo ulisema: mkubwa, mwenye meno, chagua nyangumi. Lakini nilifundishwa chuoni, na ndivyo ilivyo, kwamba mnyama huyo ni wa familia ya pomboo. Ni pomboo mkubwa kuliko wote. Umbo lake limewafanya watu wamwite nyangumi, na jina likamganda.

Katika mtihani ule wa kwanza alitokea tena na tena. Na kila alipotokea, mkono wangu ulikataa. Niliusoma mwongozo, niliuelewa, kisha nikajiambia kwamba labda ni mtego. Labda wanataka kujua nani anajua kweli na nani anafuata tu. Watu wanaojua kweli hawaangalii ukubwa wala kiraka cheupe. Wanauliza ametoka wapi. Nani alimzaa. Sikuona kwamba nilikuwa nikiongea kama wazee wa Kosele. Maisha yangu yote nilikuwa nimeambiwa kwamba mtu ni wa boma la baba yake, hata akilelewa kwingine, hata akiitwa jina la kwingine, hata akizungumza kama watu wa kwingine na kulala kati yao. Sheria hiyo ilikuwa imenipiga vya kutosha kiasi kwamba nilidhani ni ya dunia nzima. Nikambofya pomboo. Nikambofya pomboo kila mara.

Matokeo yalikuja na sentensi moja: usahihi wako haujafikia kiwango.

Rafiki yangu alipoangalia alishika kichwa. "Lakini wamekuandikia hapa, nyangumi. Si wamekuandikia?"

"Si nyangumi kwa kweli."

"Wewe unafikiria sana! Wao wakisema ni mbuzi, bonyeza mbuzi. Mimi nimebonyeza mikokoteni nikasema ni magari, na Mungu hajaniuliza."

Nilirudi Kosele kusubiri mtihani wa pili ufunguliwe, na pia kumwangalia bibi ili mke wa mjomba apate kwenda sokoni. Nilikuwa na picha zangu kwenye simu. Nilimkalisha bibi kwenye kiti chake mlangoni ambako jua la asubuhi hufika, nikamnywesha uji kwa upande wa mdomo unaofunga, na kati ya kijiko na kijiko nikawa narudia masomo yangu kwa sauti. Sikutaka msaada wake. Nilitaka tu kuwa na mtu wa kunisikia.

Bibi yangu ni Msabato wa siku nyingi, lakini kabla hajabatizwa alikuwa msichana wa kizazi cha mwisho kilichong'olewa meno ya chini, sita ya mbele, kama ilivyokuwa desturi ya Wajaluo kumwonyesha mtu kuwa ni wa kwao. Nilipomwonyesha nyangumi wa chujio, akaitazama picha kwa muda.

"Na hawa waliwang'oa?" aliuliza. Maneno yake siku hizo yalitoka taratibu, yamelowa.

"Hapana, dani. Akiwa tumboni kwa mama yake huota vimeno. Halafu vinayeyuka kabla hajazaliwa."

"Vyenyewe?"

"Vyenyewe."

"Afadhali yao. Mimi shangazi alinikalia kifuani." Akacheka, nusu ya uso ikacheka naye na nusu nyingine ikabaki imekaa. Nikakumbuka kwamba kuna nyangumi mmoja ambaye utaya wake wa chini ni mweupe upande wa kulia na mweusi upande wa kushoto, na hakuna anayejua kwa hakika ni kwa nini. Nilimwonyesha. Alimtazama kwa muda mrefu kuliko wengine.

"Huyu naye alipata kiharusi," akasema.

"Ndivyo alivyozaliwa."

"Pole zake." Akameza uji. "Ana magamba?"

"Hana."

"Basi si wa kuliwa." Kwake, Msabato asiyekula cha majini kisicho na magamba, hilo lilifunga mjadala wa nyangumi wote duniani, wa meno na wa chujio. Lakini mimi, kama kawaida yangu, sikuweza kuacha.

"Si samaki, dani. Ananyonyesha. Tena zamani sana babu zake walitembea nchi kavu na walikuwa na kwato. Ndugu yake wa karibu aliye hai leo ni kiboko."

"Kiboko? Rao?"

"Rao."

Alinitazama kana kwamba nimeshikwa na homa. "Chuo kilikufundisha hivyo? Na tuliuza ng'ombe?"

Nilicheka mpaka nikammwagia uji kifuani. Nadhani hiyo ndiyo mara ya mwisho nilipocheka mwaka huu bila kujiuliza nacheka nini.

Kisha akaiona picha ya yule mweusi mwenye kiraka cheupe. "Na huyu?"

"Huyu ndiye aliyeniangusha." Nikamweleza. Nilieleza vizuri, kwa lugha yetu, kama mwalimu: kwamba watu wanamwita nyangumi, anafanana na nyangumi, ana ukubwa wa nyangumi, na wenye kazi wanataka niseme ni nyangumi, lakini kwa ukoo ni pomboo.

Bibi hakusita hata kidogo. "Mtu ni wa kwao. Ni pomboo. Wenye kazi wamekosea."

Ningepaswa kufurahi. Alikuwa amenipa alama ambazo mtihani ulininyima. Lakini nilihisi kama nimefungiwa mlango nikiwa nimeushika mwenyewe. Bibi naye aliliona, kwa sababu alinyoosha mkono wake mzima akanishika goti.

"Nyakwara, mjukuu wangu, nenda kwa baba yako kabla sijalala moja kwa moja. Wakuria hawali watu."

"Kazi itatoka, dani."

"Kazi si boma."

"Nitapanga chumba Suna."

"Chumba cha kupanga," alisema, "ni matanga gani yatafanywa mbele yake?"

Nilimpangusa uji kidevuni. Alikuwa ananipenda kuliko mtu yeyote aliye hai, na katika kunipenda hakuweza kuisogeza sheria hata kwa upana wa kidole. Hilo ndilo lililoniogopesha. Kama yeye hawezi, nani ataweza?

Mtihani wa pili ulipofunguliwa nilikuwa Suna. Rafiki yangu aliniachia meza na laptopu yake, akatoka ili nisimsikie akipumua, ndivyo alivyosema. Nilinawa mikono. Nilipangusa skrini mara kadhaa, halafu nikaogopa kwamba nimeacha alama ya kidole itakayofanana na pumzi ya nyangumi. Nilianza.

Wa nundu walikuja kwanza, mapezi yao meupe yakionekana chini ya maji. Hao ni rahisi. Kichwa cha kreti kikaja, pumzi ikiwa imeinama upande wake. Wenye utaya wa rangi mbili walinisumbua kwa sababu picha zilipigwa kutoka kushoto, upande mweusi, na ilibidi nitazame pezi na urefu wa mgongo. Nilisonga.

Kisha akaja yeye. Pezi wima, kiraka nyuma ya jicho, na kando yake wengine wa aina yake, wakubwa na mtoto mmoja mwenye rangi ya kutu mahali ambapo patakuja kuwa peupe. Jamii nzima. Nimesoma kwamba wanyama hawa huishi na mama zao, wana wa kiume kwa wa kike, na wana wengi hubaki pembeni ya mama mpaka uzeeni. Baba huwa kwenye kundi lingine. Hufika na kuondoka. Hilo nililijua tangu chuoni na sikuwahi kulifikiria hata siku moja kwa namna niliyolifikiria pale.

Saa ya mtihani ilikuwa inahesabu kushuka pembeni ya skrini. Nilijua jibu wanalolitaka. Nilijua pia jibu la kweli, kwa sababu kuishi na mama hakumfanyi kuwa nyangumi. Ukoo wa wote ni wa pomboo, mama na baba. Hakuna tundu pale la mimi kupitia. Lakini nilijikuta nikitaka kwa nguvu zote mwongozo uwe ndio wenye haki. Nilitaka iwe kweli kwamba mnyama ni wa wale anaofanana nao, wa wale waliompa jina. Nilitaka hivyo, na wakati huohuo nilijua nataka uongo, na mstari niliouchora kumzunguka ukaenda upogo, ikabidi niuchore upya.

Nikabofya nyangumi. Kila alipotokea, nikabofya nyangumi.

Nikafaulu.

Na hapo nikafanya kosa langu la pili, ambalo halina mtihani wa marudio. Furaha ilinijaa ghafla kama kikohozi. Kabla sijafungua ukurasa wa kazi wenyewe nilimpigia mjomba simu, nikamwambia nera, nimeingia. Nilisikia akimpelekea bibi habari chumbani kwa sauti kubwa, nikasikia mke wake akipiga vigelegele uani, na mtu mwingine akiuliza nani kazaa. Jumamosi ile, mjomba alinisimulia baadaye, walinitaja kanisani. Okewo wetu amepata kazi. Katika boma lile sikuwahi kuwa habari njema hata mara moja.

Nilipokata simu ndipo nikafungua ukurasa. Ulikuwa mweupe, na katikati pameandikwa: Hakuna kazi kwa sasa. Tafadhali rudi baadaye.

"Kunakuwaga hivyo," rafiki yangu alisema aliporudi. "Wiki ingine inafurika unakosa kulala, wiki ingine ni jangwa. Ukishaingia, umeingia."

"Lakini jangwa linakaa muda gani?"

"Sasa hiyo ni ya Mungu na wale wazungu."

Nilirudi baadaye. Nilirudi baada ya chai, baada ya kufua, nikiwa bado na povu mikononi. Niliamka nikaangalia, nikalala nikaangalia. Nilianza kuamini kwamba nikiufungua ukurasa ule kwa hamu sana kazi hazitokei, kwa hiyo nikajaribu kuufungua kama mtu asiyejali. Jangwa lilibaki jangwa.

Siku ya Jumapili mjomba aliniita Kosele nikachukue vitu vyangu. Nilipofika alikuwa ameshapanda juu ya chumba changu na nyundo, anang'oa misumari. Aliifanya kazi hiyo kwa uangalifu mkubwa, kila msumari akiunyoosha juu ya jiwe na kuuweka kwenye kopo, na alikuwa akiimba. Mwanawe alikuwa chini akipokea mabati. Kijana hakunitazama usoni. Mimi pia sikumtazama. Nilitazama sehemu ya ukuta ambapo nilikuwa nimebandika, nilipokuwa kidato cha tatu, mchoro wa moyo wa binadamu. Jua lilikuwa linaupiga moyo ule kwa mara ya kwanza.

"Mfanyakazi!" mjomba aliita kutoka juu. "Mtu wa nyangumi! Kama unahitaji bati la huko Suna, sema."

"Nimepanga nyumba ya mawe, nera," nilisema.

"Sikia! Ya mawe!" Akapiga nyundo kwa furaha.

Huo ulikuwa uongo. Lakini kufaulu hakukuwa uongo, na ndiko kulikonifunga mdomo. Nilifaulu. Jina langu liko ndani. Ningewaambiaje kwamba nimeingia katika nyumba isiyo na kitu? Na kama ningesema, mjomba angeshuka pale juu, angekaa chini, angeona aibu, na angeyarudisha mabati moja moja kwa ajili ya mtu asiyestahili kuwa chini yake. Niliifikiria aibu ile kwa niaba yake mpaka ikawa kubwa kuliko ya kwangu. Nikachukua sanduku.

Bibi alikuwa mlangoni kwenye kiti chake. Alinivuta karibu kwa mkono wake mzima.

"Yule mweusi," aliuliza kwa sauti ya chini, "ulimwita nani?"

"Nyangumi."

Nyundo ilikuwa inalia juu.

"Wakakubali?"

"Wakakubali, dani."

Alitazama mabati yakishushwa. Uso wake, ule upande ulio hai, ulifanya kitu ambacho bado sijaweza kukiainisha. Kisha akasema, "Haya. Kula kwanza ndiyo uende," akamwita mke wa mjomba aniletee chakula, na nikaletewa sahani kabla ya watu wa boma, kama inavyompasa okewo.

Hayo yalitokea kabla ya mvua hizi kuanza. Sasa niko Suna, kwenye godoro kati ya jiko na mlango. Rafiki yangu hajasema neno, lakini juzi aliniuliza kama ninajua ile kazi yangu ya nyangumi ni ya muda mrefu, na nimelifikiria hilo swali tangu juzi. Kule mpakani sijaenda. Wakati mwingine hufika mpaka kwenye steji ya magari ya kwenda huko, nikasimama kama mtu anayemsubiri mwingine, nikarudi.

Leo alasiri nilifungua ukurasa na haukuwa mweupe. Kulikuwa na picha moja. Moja tu.

Ni maji. Maji ya kijivu mpaka kwenye upeo, na mawimbi madogo, na upande mmoja povu ambalo linaweza kuwa povu. Mwongozo unasema kama huoni mnyama, chagua hakuna mnyama, usikisie. Ni jibu rahisi kuliko yote. Mtu yeyote angelibofya akaletewa picha inayofuata, kama ipo inayofuata.

Lakini najua jinsi wanavyoishi. Najua kwamba mwenye kichwa cha kreti anaweza kukaa chini ya maji muda ambao mtu mwingine angemwombolezea, na kwamba wale wenye midomo ya ndege hukaa zaidi. Kusema hakuna ni kusema nimetazama na hakuna mtu pale.

Saa inashuka pembeni. Naikaribia skrini mpaka pumzi yangu inaacha ukungu juu yake. Naupangusa. Natazama tena.